Wimbo Nilioufumua

Ukindu unaochemshwa na rangi una harufu ya majani mabichi iliyochanganyika na kitu kinachokereketa koo, na likizo ile ya darasa la tano, kijijini Mkange, harufu hiyo ilinikaa puani hata nilipokwisha kuoga. Shuka zilinuka, ugali ulinuka. Nilikuwa kwa shangazi yangu Mwanaidi, msusi wa mikeka. Kutwa alikaa barazani na ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa baadaye ukawa mkeka, na vidole vyake havikutulia hata alipokuwa akinigombeza.

Binti yake Zena alikuwa anaolewa na kijana wa Miono, na wanawake wa huko walijulikana kwa kurusha vijembe vya nyimbo arusini. Shangazi ndiye aliyetakiwa kuwajibu. Huwezi kwenda kwenye shughuli kama ile na wimbo wa mwaka jana. Watakucheka mpaka bintiyo aone aibu. Basi alikuwa anatunga, nami sikujua. Nilidhani anaimbaimba tu kama watu wanavyofanya wakiwa kazini. Kuandika hakujua. Kumbe kila mstari ulipomjia alitia uchane mmoja wa ukindu wa zambarau katikati ya ule mweupe, na penye kiitikio akatia mbili. Akiupapasa ukili tangu mwanzo, wimbo wote unarudi.

Siku moja alikwenda shamba. Nikautazama ule ukili nikaona makosa matupu: zambarau hapa, zambarau pale, bila mpango. Wiki ile ile alikuwa amenifundisha kusuka, nikajiona fundi. Nikaufumua mpaka karibu na mwanzo, nikausuka upya kwa ukindu mweupe peke yake. Mgongo uliniuma, nikakaa nasubiri kusifiwa. Sijui nielezeje bila kujitetea. Hakuna aliyeniambia, hilo ni kweli. Ila na mimi sikuuliza.

"Shikamoo shangazi. Tazama nilivyoutengeneza!"

Hakuitikia marahaba. Aliupapasa, akaupapasa tena.

"Wee mtoto, maneno yangu umeyapeleka wapi?"

"Maneno gani?"

Akacheka, kicheko kibaya. Hakunipiga. Nasema hivyo kwa sababu dada zangu husimulia kwamba alinipiga, na si haki kumsingizia.

Arusi ilikuwa huko Miono, baada ya siku tatu. Shangazi alisimama akaimba beti mbili, zikakolea, hata wa Miono wenyewe wakapiga vigelegele. Ubeti wa tatu haukuja. Akarudia wa pili. Mama mmoja wa kule akainua mikono juu: "Jamani, wimbo kausahau Mkange! Mpeni baiskeli akaufuate!" Watu hoi kwa kicheko. Zena, ndani ya ushungi wake, aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya masufuria ya pilau, na sikutoka.

Sasa mimi ni mtu mzima, naandika daftarini kila siku, na wala sina hakika kama ninayoyaandika yana maana. Yale mazuri hunijia mikono ikiwa kwenye unga, nikishanawa, yamekwenda. Inaniudhi mno. Shangazi, kwa ninavyojua, alipoteza wimbo mmoja, tena kwa mkono wa mtu mwingine. Mimi mwenye kalamu na simu napoteza kila wiki, na wa kumlaumu simwoni.

Mwezi uliopita nilimwendea. Amezeeka, lakini sauti anayo. Nikamwomba aniimbie zile beti mbili nizirekodi. Simu ikadai imejaa, nikawa nafuta picha, yeye keshaanza. Alipofika pale palipomkatikia arusini hakusimama; alipitiliza na ubeti mpya kabisa, mkali, unaonisema mimi, mpaka Zena aliyekuwa akichambua mchele akashika mbavu.

"Rudia, shangazi! Rudia!"

"Nirudie nini? Nimeshasema."

Nilimuuliza Zena. Anakumbuka alivyocheka, basi. Kwenye simu zimo sekunde chache tu: kuku wanalia, na sauti yangu ikisema, "Ngoja kwanza, shangazi, ngoja."