Igizo la Fanueli

Yudith alikuwa na ulimi mwepesi, na masomo ya unasihi yalimkaba kama mfupa kooni: mteja hashauriwi, anasikilizwa. Siku ya mtihani, chuoni Same, mwenzake Fanueli, karani wa shamba la mkonge lililouzwa karibuni, aliambiwa aigize mtu aliyepunguzwa kazi, na Yudith awe mnasihi wake.

"Kila asubuhi namuaga mke wangu, nakwenda kujificha katikati ya mkonge mpaka jioni," Fanueli alisema.

Darasa zima likampigia makofi.

Yudith hakupiga. Mikono ya Fanueli ilikuwa na michubuko mibichi ya miiba, na karani hakati mkonge.

"Igizo limekwisha, inukeni," mwalimu aliamuru.

"Igizo gani, Mwalimu?" Yudith akafoka, akasogeza kiti karibu. "Kaka Fanueli, wamekupunguza lini?"