Kumbikumbi wa Kukhu na Sanduku la Sabuni

Jumamosi iliyopita vijana wa klabu moja ya kuzungumza mbele ya watu walinialika niwasikilize. Hukutana katika ukumbi mdogo hapa mtaani Amalemba: makarani, walimu wapya, wauzaji wa maduka, kila mmoja na zamu yake ya kusimama na kusema. Niliwaambia nitakuja kusikiliza tu, maana miguu yangu siku hizi hupenda kiti. Msichana mmoja akasimama na karatasi mkononi, akaanza kuzungumza juu ya kujiamini, na alikwenda mbio mpaka nikaona hata yeye mwenyewe ameachwa nyuma na maneno yake. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, mama mmoja alikuwa ameweka beseni la kumbikumbi waliokaangwa na kutiwa chumvi, na harufu yao iliingia ukumbini bila hodi. Tangu hapo, rafiki yangu, sikumsikia tena yule msichana. Nilikuwa nimerudi kwa kukhu.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Wangu alikuwa mama yake baba, na boma lake lilikuwa upande wa mashariki wa mji, mahali ambapo asubuhi ulisikia ndege wa msituni kabla hujasikia jogoo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ya shule ilikuwa bado haijapauka, na watu wazima walikuwa na namna ya kutembea haraka, kama watu walioitwa mahali pazuri na wanaogopa kuchelewa. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepata shamba Lumakanda, katika mashamba makubwa yaliyogawiwa wananchi, na mama alikuwa ameshatangulia huko na wadogo zangu. Mimi niliachwa kwa kukhu nimalize muhula. Baba alisema muhula ukiisha atakuja kunichukua.

"Na shule?" niliuliza.

"Huko shule iko mbali kidogo," alisema. "Kwanza utamsaidia mama yako na watoto. Mambo ya shule tutaona."

Wewe uliyekuwa mtoto miaka ile unajua maana ya "tutaona." Msichana mwenzangu wa jirani aliambiwa "tutaona" akiwa darasa la nne, na nilipokuwa nikienda shule nilimkuta kila asubuhi kisimani na mtungi, akinitazama mpaka nipotee kwenye kona.

Shule niliyokuwa nikiogopa kuipoteza haikuwa na mengi. Ilikuwa na kuta za udongo, paa la mabati, na mwalimu kijana aliyekuja kwa baiskeli, suruali yake imebanwa kifundoni kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Ndiye aliyeanzisha klabu ya kusema. Kila Ijumaa baada ya kupalilia shamba la shule, alitoa sanduku la mbao lililokuwa limebeba sabuni za dukani, akaligeuza chini juu mbele ya darasa, na mmoja wetu akapanda. Ulitakiwa useme jambo moja uliloliona wiki hiyo, kisha useme limekufundisha nini. Basi. Tulisema kwa Kiswahili kwa sababu tulitoka sehemu mbalimbali na Kiluhya chetu hakikufanana, na tulikisema kila mtu kwa ulimi wake. Aliyekijua sawasawa alikuwa mtoto wa muuza nguo kutoka Mumias, ambaye hata akipanda sandukuni alianza kwa kututolea salamu ndefu ya Kiislamu, nasi wote, watoto wa misheni, tukamwitikia kwa furaha kubwa.

Ukisema jambo ambalo hukuliona, darasa zima lilikuwa na haki ya kukukatiza. Tulipiga kelele pamoja: "Uliona au ulisikia?" Kama ulisikia, ulishuka. Hakuna adhabu niliyoiona ikiuma kuliko kushuka kwenye kile kisanduku kifupi.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kutazama. Mtoto mmoja wa karibu na Buyangu, upande wa msitu, alituambia alivyoona mbega mama akijinyoosha kati ya matawi mawili ili mtoto wake apite juu ya mgongo wake. Alipoulizwa limemfundisha nini, alifikiri, akasema, "Limenifundisha mama yangu akiinama asinikute nimekaa tu." Tulicheka mpaka mwalimu akacheka. Mwingine aliona mwanamke akivuka gogo lenye utelezi na mtungi kichwani, na akajifunza kwamba mtu akiwa katikati ya gogo usimsalimie. Sikujua wakati huo kwamba haya yalikuwa masomo. Niliyaona kuwa mchezo, na niliupenda kuliko mchezo wowote.

Lakini nilikuwa na kasoro. Nilisema mbio. Nikishapanda tu, maneno yote yalitaka kutoka kwa wakati mmoja, na wenzangu walinipa jina la Mashine, kwa sababu ya mashine ya kusaga posho iliyokuwa sokoni.

"Wewe unasemanga kama mtu amekimbizwa na ng'ombe," mwalimu aliniambia. "Nani anakufukuza?"

Nilikuwa nikiogopa tu kwamba nikinyamaza kidogo, mtu atanichukulia nafasi yangu.

Dawa yangu sikuipata shuleni. Mvua za masika zilipoanza, kumbikumbi walianza kutoka, na nyuma ya jiko la kukhu kulikuwa na kichuguu chake, cha kurithi. Kuna kumbikumbi wanaotoka wenyewe baada ya mvua, na kuna wale wanaotakiwa kubembelezwa mchana, na kukhu alikuwa bingwa wa kuwabembeleza. Tulipinda fito juu ya kichuguu, tukafunika kwa blanketi kuukuu na majani ya mgomba, tukaacha tundu moja la mwanga. Chini ya tundu tulichimba shimo na kutandika majani laini. Kisha kukhu alikaa chini, miguu ameinyoosha, gogo kavu mbele yake, akachukua vijiti viwili na kuanza kugonga. Alikuwa akiiga mvua. Kumbikumbi walio chini husikia ule mtetemo, hufikiri mvua imekuja, nao hutoka na mbawa zao kuufuata mwanga, wakadondoka shimoni.

Alinipa vijiti siku ya kwanza nikagonga kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyetoka.

"Ai, mwana!" kukhu alisema. "Unagonga kama askari wa kodi. Nani atakufungulia?"

Yeye mwenyewe alikuwa amejificha mara nyingi wakati wa ukoloni askari hao walipopita, kwa hiyo alijua alichokuwa akisema. Alinishika vifundo vya mikono, akanionyesha: mapigo mepesi, yaliyoachana, kama manyunyu ya kwanza kwenye majani ya mgomba, kisha karibu karibu zaidi. Na alinifundisha jambo la pili, kwamba ukishaanza huachi. Ukinyamaza, wao chini watajua kwamba hiyo haikuwa mvua, na watarudi. Kwa hiyo tulikaa wawili. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, maana ilikuwa imeanza kuzeeka hata kama hakupenda tuione, nilisogeza vidole vyangu juu ya vyake na kuvipokea vijiti bila pigo hata moja kupotea. Akapumzika, akaimba kidogo kwa sauti ya chini, kisha akapokea tena. Jioni tulipepeta mbawa kwenye ungo, tukawakaanga kwenye chungu bila mafuta, kwa kuwa mafuta wanayo wenyewe, na tukawala na obusuma, ugali wetu, wa moto. Hadi leo, sijala chakula cha hotelini kikafika pale.

Ijumaa ya mwisho wa muhula mwalimu aliwaalika wazazi waje kuisikia klabu. Baba alifika siku hiyo hiyo kutoka Lumakanda. Asubuhi iliyofuata tulitakiwa tupande lori pamoja, na kukhu alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye shuka. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Niliamua nitasema juu ya uhuru na maendeleo, kwa maneno makubwa niliyoyasikia kwenye redio ya mwenye duka, ili baba aone kwamba mtoto wa namna hii haondolewi shule.

Nilipanda sandukuni. Nikamwona baba kwenye benchi la nyuma, kofia magotini, viatu vyake vina udongo mwekundu wa safari. Nikaanza. Nikasema wananchi, nikasema taifa changa, nikasema gurudumu la maendeleo, na nilikuwa nikienda mbio kuliko wakati wowote. Mtoto mmoja akanong'ona, "Mashine imewashwa." Wengine wakaangua kicheko. Kisha likaja lile swali, si kwa ubaya, kwa mazoea tu, kutoka kila benchi:

"Uliona au ulisikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilimtazama mwalimu. Kwa sheria yetu nilitakiwa kushuka, mbele ya baba, na kesho yake kupanda lori. Sijui ni nini kilichonifanya niiname badala ya kushuka. Niliinama nikagonga ubao wa sanduku kwa vifundo vya vidole, polepole, manyunyu ya kwanza, kisha karibu karibu. Wazazi wengi waliujua mlio ule. Mama mmoja karibu na mlango alitabasamu.

"Hii nimeiona," nilisema. "Jumamosi, kwa kukhu."

Nikawaeleza. Nilieleza kichuguu na blanketi, na askari wa kodi, wakacheka mahali pa kucheka. Nilieleza kwamba mikono ya kukhu huchoka sasa, kwamba huanza kutetemeka upande wa kushoto, na kwamba akichoka mimi hupokea vijiti ili mvua isikatike. Sikuharakisha. Nilikuwa nikisema kwa mapigo yale yale. Na mwisho nilipotakiwa kutoa fundisho nilisema, "Nimejifunza kuna kazi ambayo mtu hawezi kuiacha apumzike. Lazima mwenzake awe karibu."

Naapa sikuwa nikimwomba baba chochote. Nilikuwa nimemsahau. Nilipomkumbuka na kutazama nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa anaisugua kofia kama mtu anayetafuta doa.

"Shuka sasa, mama," mwalimu aliniambia kwa upole. "Umemaliza."

Jioni hiyo tulikaa jikoni kwa kukhu. Kukhu alipakua obusuma na mboga, akauliza, "Kesho mnaondoka mapema?"

Baba alifinyanga tonge lake taratibu. "Mimi nitaondoka na lori la asubuhi."

"Na mtoto?"

"Huyu akienda, mama, nani atapokea vijiti?"

"Vijiti gani?"

Baba alinionyesha kwa kidevu. "Muulize Mashine."

Kukhu alinigeukia, nami nikalazimika kusema. Alipoelewa kwamba mikono yake imejadiliwa mbele ya kijiji kizima, aliweka mwiko chini. "Nani kasema mikono yangu imechoka? Hii mikono ndiyo ilikubeba wewe," akamwambia baba, "na ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia!"

Baba alicheka mpaka akapaliwa, nikampa maji. Kisha alisema, bila kunitazama, kwamba atamweleza mama yangu yeye mwenyewe, na kwamba muhula ukifunguliwa nisichelewe. Kukhu aliendelea kunung'unika, lakini kabla ya kulala aliifungua ile shuka na kurudisha nguo zangu kwenye kamba moja moja.

Nilimaliza shule nikiwa pale. Baadaye kazi yangu ikawa kuandika habari, na katika vyumba vyote vya magazeti nilivyopita hakuna mhariri aliyeniuliza swali kali kuliko lile la benchi za darasani. Namshukuru mwalimu aliyetupa sanduku, na wenzangu walionicheka. Kukhu namshukuru kila mvua inaponyesha. Na namshukuru baba, ambaye hakuwahi kutamka kwamba ameniachia niendelee na masomo, akalificha jambo hilo ndani ya vijiti viwili ili kila mtu abaki na heshima yake.

Kile kichuguu hakipo. Shamba lilikatwa viwanja, na mahali tulipokaa na gogo letu pana ukuta wa mawe na geti la chuma. Shule imejengwa upya, na sanduku la sabuni nadhani liliishia kuwa kuni. Kukhu amelala pale pale nyumbani, baba amelala Lumakanda kwenye udongo wake mwekundu. Kumbikumbi wanauzwa kwa kopo, na wanaowanunua hawajui kwamba mtu aliwahi kukaa chini kuwaigia mvua.

Pale ukumbini yule msichana alimaliza, akaja kuketi karibu nami, akiikunjakunja karatasi yake. Akaniuliza, kwa jina ambalo vijana wa siku hizi humwitia nyanya, "Shosho, nimekosea wapi?" Nikamwambia hajakosea, ila nikamwuliza wiki hii ameona nini. Alifikiri. Akasema ameona mzee mmoja sokoni akimfundisha mjukuu wake kunyonga baiskeli, akimshikilia kiti kwa nyuma, kisha akamwachia bila kumwambia.

"Simama ukawaeleze hilo," nilimwambia.

Alisimama bila karatasi. Akaanza mbio, akanitazama, akatulia. Nami nikajikuta nagonga mkono wa kiti kwa vidole viwili, kidogo kidogo, asisikie mtu, na sikuacha mpaka alipomaliza.