Mdudu Mwenye Madoa Matatu Kila Bawa

Jumamosi tulimzika, huko Bariadi, mtaalamu mmoja wa wadudu, na mpaka leo hasira haijanitoka. Si kwa sababu amekufa. Alikuwa mzee, na figo zilimsumbua miaka mingi. Nimekasirika kwa sababu mtu wa ofisi yake ya zamani alisimama kaburini akasema marehemu "alipenda kucheza na vidudu", na waombolezaji wakacheka. Kucheza! Mtu anayekaa wiki tatu ameinamia hadubini, akihesabu pingili za vipapasio vya mdudu asiyefika hata ukubwa wa punje ya ulezi, huyo anacheza?

Mdudu mwenyewe ni thiripi. Wakulima wetu wa pamba wanamjua kama adui, maana thiripi wengi hufyonza majani. Marehemu alipata katika kijiji cha Lingeka thiripi wa manjano, mwenye madoa matatu meusi kwenye kila bawa, akagundua kwamba huyu hana haja na jani: anawinda utitiri mwekundu, ule unaokausha pamba. "Jamii yake nina hakika nayo," aliniambia. "Spishi bado. Sisemi nisichokijua." Akapeleka sampuli kituo cha utafiti wakazilinganishe. Zikarudi bila kufunguliwa: kitengo kimefungwa, wafanyakazi wamepunguzwa. Baadaye na yeye akapunguzwa.

Biashara ya pamba ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walimiminika, kila mmoja na mbegu zake na dawa zake. Nilifuatana naye kwenye mkutano mmoja hukohuko Lingeka. Alimpa mama mmoja mkulima lenzi yake amtazame thiripi huyo kwenye jani la pamba. Mama akachungulia, akashtuka: "Jamani, anamla mwenzake!"

"Huyo ndiye mlinzi wako, mayu," marehemu akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. " Usimpulizie."

Wakala wa kampuni akadakia: "Mzee, mdudu ni mdudu tu. Asiyepulizia, msimu ujao hapati mbegu kwangu."

Mama akapulizia. Wote wakapulizia. Mlinzi akafa kwanza, utitiri ukabaki, na kabla vitumba havijapasuka majani yalikuwa mekundu kama yaliyobabuliwa na moto. Wakala akarudi na dawa kali zaidi, bila haya!

Lakini nisijifiche nyuma ya wakala. Kabla ya msimu ule marehemu aliniletea karatasi mbili alizoandika kuhusu thiripi huyo, moja ina mchoro wa lile bawa, akaniomba nizitoe kwenye safu hii. Nikamwambia wasomaji hawataki habari za wadudu. Wiki hiyo nikaandika kulisifu soko huria.

Sawa, soko limetupa uhuru wa kuuza. Ila nchi inayowafukuza kazi watu wanaojua kutenganisha rafiki na adui shambani, itaendelea kununua sumu ya kuwaulia rafiki zake, na sisi waandishi tutaendelea kupiga makofi.

Baada ya mazishi yule mama wa Lingeka alinifuata. Hakunisalimia.

"Marehemu aliniambia zile karatasi za mdudu alikupa wewe," alisema. "Mimi nilipulizia kwa sababu nilihitaji mbegu. Wewe ulihitaji nini?"