Kifua cha Bibi Dirishani

Usiku ule nililala bila kuamua. Picha ya eksirei ya kifua cha bibi ilikuwa bado kwenye kioo cha dirisha, nilikoibandika kwa selotepu ili mwanga uipitie. Bibi hakuwahi kukubali kupigwa picha nyingine yoyote. Alipofariki, tulibaki na hiyo tu, na mama alitaka asubuhi niende nayo kazini nikaioshe ifutike.

Kazini tunaosha picha kuukuu za eksirei. Tunaziloweka kwenye mapipa ya maji ya moto yenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, weusi wake unatoka, tope lenye madini ya fedha ya kuuza linatuama chini, na plastiki iliyobaki tunaianika kambani, tupu kama kioo. Shahada yangu ya kemia imenifikisha hapo.

"Za watu unaosha kila siku," mama alinicheka, "ya bibi yako ndiyo imekushinda?"

Nilisema nitafikiri. Nikafikiri mpaka shingo ikauma. Nikiiosha, nitamkumbuka kwa kitu gani? Nisipoiosha, nitaificha chini ya godoro mpaka lini? Na je, kama ninamng'ang'ania kwa sababu naogopa tu?

Kisha niko kazini, ila milango haipo. Taa ni nyekundu. Kuta zote ni vifua vya watu, mbavu juu ya mbavu, na mimi nimebanwa mabegani kwa vibanio, naning'inia kambani kati ya picha zinazochuruzika maji. Sauti ya mtu nisiyemwona inaniambia, kama wanavyosema hospitalini:

"Vuta pumzi. Shika."

Nashika. Nangoja aniambie niachie. Haniambii. Labda ameshasema na sikusikia. Labda nikiachia mapema picha itaharibika, na kosa litakuwa langu. Kuta zinasogea. Kifua kinawaka moto, nami bado nangoja ruhusa.

Halafu kamba ni ile ya uani kwa bibi, na bibi mwenyewe anakuja akianua nguo. Najua amekufa, naye anajua kwamba najua. Amejitanda kanga mpaka kidevuni, kama siku zote. Anaanua shuka, anaanua foronya, anafika kwangu.

"Mume wangu," anasema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mchanga, utani wa bibi na mjukuu. "Nani kakwambia ushike pumzi?"

Anacheka, na pengo lake la mbele linaonekana, na ule mkunjo wa shavu la kushoto.

Sasa niko chumbani kwangu, bado nimebanwa, naye yuko nje ya dirisha, njiani, watu wakipita. Anaitazama ile picha kwa aibu.

"Mume gani wewe," ananiambia, "unayemwanika mkeo mbavu nje? Mimi niliyejitanda maisha yangu yote?"

Nina hoja za kujitetea, nyingi, nimezipanga vizuri. Sina pumzi ya kuzisemea.

Anapenyeza mkono dirishani. Anafungua kibanio kimoja. Anafungua cha pili.

"Nisitiri," anasema. "Halafu upumue."

Niliamka nikihema kama mtu aliyeopolewa majini. Kumekucha. Jua limepita kwenye ile picha, na mbavu za bibi zimelala juu ya kifua changu kama nondo za dirisha. Niliitazama kwa muda mrefu. Haikuwa na pengo. Haikuwa na shavu.

Mama aligonga mlango. "Mume wa mtu, umeamka? Umeamua?"

Niliibandua taratibu, nikaizungushia kanga ya bibi, nikafungua mlango.

"Nitaiosha mwenyewe, mama. Mtu mwingine asiiguse."

Mama aliitazama ile kanga, akanyoosha pindo lililokuwa limefunuka.

"Maji," akasema, "yasiwe ya moto sana."