Kuvua na Mume Asiyesikia Wadi

Sikwenda kwa kupenda kuvua. Niseme hivyo mwanzo kabisa: samaki mie nampenda akiwa kwenye sahani, limau pembeni. Nilikwenda kwa sababu mume wangu, Baba Nasra, masikio yake yamemkimbia, na kila baridi ikifika yeye huchukua fimbo yake ya kuvulia akaenda peke yake kusimama katikati ya wadi.

Nyie ndugu zangu mlioko Unguja huenda hamjui wadi ni nini. Ni mto uliokauka. Mwaka mzima ni mawe na vumbi, mbuzi wanapita, watu wanatandika majamvi wanachoma nyama. Halafu mvua inanyesha huko milimani, nawe hapo chini jua linakuwakia, mara maji yanashuka yote kwa pamoja na kila kilichomo njiani. Hapa Omani hatusemi mto umejaa, twasema wadi imeshuka. Mwaka wangu wa kwanza Muscat niliona gari linachukuliwa na maji, taa zake bado zinawaka. Tangu siku ile naiogopa wadi hata ikiwa kavu.

Na wadi mtu haingoji aione. Huisikia kwanza, mngurumo kutoka juu, akatupa alichoshika akakimbia. Akingoja kuiona amechelewa.

Sasa samaki anayemtaka Baba Nasra ni kolekole, yule mkubwa mweupe wa baharini. Mvua ya baridi ikinyesha, maji ya wadi huvunja ukingo wa mchanga kule mlangoni inapokutana na bahari, na kolekole huingia kutoka baharini kufuata mikizi, samaki wadogo anaowala. Kwa hivyo siku nzuri ya kuvua ndiyo hiyohiyo siku mbaya ya kuwa pale. Miaka yote alikuwa akiniambia, "Bi Zuwena, wadi nitaisikia tu." Nami nikilala usingizi.

Azaiba, nyumbani kwetu Muscat, mwanzo wa baridi. Mkwe wetu alitusalisha Magharibi sebuleni. Baba Nasra kakaa nyuma kwa ajili ya goti lake. Imamu akasema Allahu akbar, sote tukainuka kwenye sijida, yeye kichwa chini. Tukaendelea, yeye kichwa chini. Nikafikiri kafa. Kumbe hajasikia. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mwaka mzima alikuwa akitoka mbio kwenda msikitini kabla ya adhana: awahi safu ya mbele, amwone imamu kwa macho.

Tulikwenda kwa daktari sisi wawili tu. Akampa vidude vya kutia masikioni, vizuri, vidogo. Baba Nasra akavitia kwenye mtoto wa meza, chini ya soksi.

"Vya wazee hivyo," akasema.

"Na weye ni nani, bwana harusi?"

Hakunijibu. Labda hakusikia, labda alisikia sana.

Binti yetu Nasra angelijua, funguo za gari angezichukua siku ileile. Na mimi mume wangu namjua. Tangu astaafu, miezi ya joto yote hukaa anatazama ukuta, anangoja baridi. Ukimnyima wadi umemzika kabla ya siku yake. Ukimwachia, atakuja kuzikwa kweli, tena kama maiti itapatikana. Nikakata shauri: nitakwenda naye. Yeye avue, mie nisikilize.

"Weye, kuvua?" akaniuliza akinitazama mdomo.

"Nna hamu ya kubadilisha hewa."

"Hewa ya Azaiba ina nini?"

"Inanuka soksi," nikamwambia.

Hamriya, mtaa wa maduka hapahapa Muscat, siku ya kununua vifaa. Kuna duka dogo la vitu vya uvuvi kule nyuma, anauza msichana wa Tanga, Neema, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Baba Nasra alichagua mshipi na samaki wawili wa plastiki, akatoka. Neema akaita, "Baba! Umesahau ndoana zako!" Akaita tena kwa sauti ya kuuzia sokoni. Kila aliyepita aligeuka isipokuwa mwenyewe.

"Mama, mzee hasikii?" akaniuliza pole pole.

"Ana mawazo," nikasema, nikachukua ndoana. Mita mbili tu, hapana hata ukuta kati, na mtu kakosa kusikia. Je, mngurumo wa huko milimani?

Quriyat, safari ya kwanza. Tulifika asubuhi, mawingu yamekaa juu ya milima kama kofia. Alikunja kikoi mpaka magotini, na kabla ya kuingia majini akanipa sharti zake kidole kikiwa juu. Nisiwe na kelele. Kivuli changu kisianguke kwenye maji. Na kubwa kuliko yote, nisirushe jiwe. "Jiwe moja likiingia, siku imekwisha. Samaki anasikia hata mchanga ukikanyagwa."

Nikasema moyoni, basi afadhali samaki.

Nilikaa kwenye mwamba na chupa ya kahawa, macho milimani, masikio yote nje. Jamani, kusikiliza ni kazi! Sikujua dunia ina makelele kiasi kile. Upepo ukipita kwenye mchongoma, wadi. Ndege ikipita juu, wadi. Halafu ukaja mngurumo wenyewe, mzito, unakaribia. Niliruka, nikapunga mikono miwili mpaka buibui likanifunika uso. Akaniona, akatoka majini mbio.

Ilikuwa lori la mawe, linapita barabara ya juu.

"Una nini?"

"Nimeona nyoka," nikasema.

Alitafuta nyoka yule kila pahala, maskini, na fimbo mkononi. Mimi nikajifanya nacheka.

Tiwi, safari nyengine, mvua imekwishanyesha mara mbili. Pale wadi ni nyembamba, kuta za mawe huku na huku, sauti ikiingia haitoki. Mtambo wa umeme wa mtu ukawashwa kwenye bustani ya mitende, nami nikamtoa tena majini. Nyoka. Mara ya pili siku ileile, ngurumo ya mbali tu. Nyoka tena. Samaki alikuwa amekwishashika, akampotea pale alipogeuka kunitazama.

Alikasirika. "Zuwena, nyoka wote wa Omani wanakutafuta weye? Ukiogopa kaa ndani ya gari!"

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika hapa, kwenye meno. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akinitazama mdomo, tayari, kama mtoto anayengoja kuchapwa, nikajua kwamba anajua ninalotaka kusema. Nikalimeza. Tukarudi Azaiba na redio ya gari inapiga kelele mpaka vioo vinatikisika.

Sur, nyumbani kwa Bi Rahma. Huyu ni binti ammi yake Baba Nasra, kazaliwa Unguja kama sisi, sauti yake hata asiyesikia anaisikia. Tulilala kwake kwa sababu baridi ilikuwa inakwisha na Baba Nasra hajapata kolekole hata mmoja. Usiku wote mvua ilinyesha milimani. Asubuhi mbingu safi, jua limechomoza, na yeye uso umemng'aa.

"Leo," akasema, "leo ameingia."

Bi Rahma alinimiminia kahawa, akasukuma sahani ya tende mbele yangu. "Mbona hauli? Uso umekuwa mdogo hivyo."

"Nna khofu, Bi Rahma."

"Ya nini? Huyu mumeo wadi kaijua kabla hajakujua weye."

Kweli. Lakini wakati ule alikuwa na masikio. Hilo sikulisema.

Wadi yenyewe jina lake sitalitaja, kaniapisha, na siri za wavuvi ni nzito kuliko za ndoa. Ni njiani kurudi Muscat. Tulifika jua limepanda kidogo. Maji yametulia, ya kijani, mlangoni bahari inaonekana, na ukingo wa mchanga umevunjika kama alivyotaka. Baba Nasra hakunipa sharti safari hii. Alinipita tu. Akashuka mbali, mbali kuliko siku zote, akasimama kwenye kisiwa cha changarawe, uso baharini, mgongo kwangu na kwa milima. Alinipa mgongo makusudi, nisimletee nyoka.

Nikakaa kwenye mwamba wa ukingoni. Nikasoma kila dua niliyofundishwa.

Kwanza ilikuja harufu, ya vumbi lililorowa, na pale tulipo hakuna tone. Halafu nikaona maji ya kijani yanaingiwa na uzi wa rangi ya chai. Juu yake povu, majani, kiatu cha mtoto. Halafu nikasikia. Safari hii sikujiuliza kama ni lori.

"Baba Nasra!"

Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. "Baba Nasra! Toka! Wadi!" Nikamwita kwa jina lake, Salum, ambalo tangu nilipoolewa sijalitia mdomoni. "Salum! Salum we!" Mgongo wake ulikuwa palepale. Alirusha mshipi wake vizuri, taratibu, akaanza kuuvuta.

Nikaanza kushuka. Kati yangu na yeye maji yalikuwa yamekwishapanda hadi kwenye mashavu ya miguu, mazito, na mie sijui kuogelea. Nikatambua kwamba nikienda mpaka nimfikie, tutaondoka wote wawili, na Nasra atatuzika siku moja. Nilisimama. Mungu anisamehe, nilisimama, nikamwona mume wangu ameshakufa, na bado anavua.

Ndipo nilipookota jiwe.

La kwanza halikufika. La pili niliingia majini kidogo, nikalirusha kwa mkono wote na bega, likaanguka puu! palepale alipotia chambo chake. Maji yakamrukia usoni.

Aligeuka. Sijapata kuona ghadhabu kama ile katika ndoa yetu yote. Alifungua mikono, mdomo wake unasema mambo ambayo nashukuru nami sikuyasikia kwa ule mngurumo. Nikataka kumwonyesha milima. Mkono ulinyanyuka, nikaushusha. Akitazama huko atasimama, na akisimama kwisha. Nikaokota jiwe jengine, nikalirusha palepale penye samaki wake, nikimtazama machoni.

Akaja! Alikuja kunigombeza. Anapiga maji kwa mapaja, kikoi kimeloa, fimbo juu, anakuja mbio kama kijana. Nami nikarudi nyuma, juu, juu zaidi ya ukingo, namrushia vijiwe miguuni asije akapoa hasira. Aliponifikia alikuwa anahema.

"We mwanamke una wazimu? Baridi nzima—"

Nikamkamata fulana nikamvuta mpaka tukaanguka wote juu ya mawe.

Wadi ikapita. Haikuja kama maji, ilikuja kama ukuta wa udongo na miti, na mtende mzima umesimama ndani yake. Kisiwa cha changarawe kilikuwapo, kikawa hakipo. Sanduku la barafu, viatu vyake, mwamba niliokalia, vyote. Ardhi ilikuwa inatikisika. Nilimwona anaisikia kwa viganja, ameviweka chini juu ya mawe, anatazama tu. Uso wake umekuwa wa majivu.

Tulikaa pale muda mrefu.

Barabara ya Muscat ilifungwa na maji, tukarudi Sur, kwa Bi Rahma. Ndugu walijaa, kila mtu anataka khabari. Baba Nasra akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kisimwagike.

"Niliisikia," akasema. "Nikatoka."

"Alhamdulillahi!" wakasema wote.

Lahaula! Nilitaka kumpasua na ile dele ya kahawa. Bi Rahma akanigeukia, "Sikukwambia?" Nikamjibu, "Ulinambia." Nikaenda jikoni nikalia, kelele zote nilizopiga kule zikanirudi kooni. Nililia kwa kumwona hai, na kwa hasira, sijui lipi lilikuwa kubwa.

Azaiba, wiki iliyofuata. Sikumwambia Nasra. Watu huuliza safari imekufundisha nini. Imenifundisha kwamba mwanamume anaweza kuibishia sauti ya mkewe, daktari na wadi nzima, lakini hawezi kuvumilia jiwe kwenye maji yake. Na imenifundisha kwamba mimi naweza kusimama nisimwendee. Hilo bado linaniuma, nikilifikiri nahisi yale maji miguuni.

Alhamisi mawingu yalikaa tena juu ya milima. Nikasema moyoni, leo nitazificha funguo mwenyewe. Nikaingia ukumbini, nikamkuta Baba Nasra amepiga magoti mbele ya mkoba wangu, fundo la kanga yangu ya zamani liko wazi pembeni yake. Ndani ya fundo vijiwe, vya mviringo, vimeoshwa. Kumbe asubuhi ile alikuwa ameshuka pwani kuviokota.

Hakunitazama mdomo. Alinishika mkono, akanifungua kiganja, akaweka kimoja, akakibadilisha, akaweka chengine, mpaka akaona kimenienea.

"Hivi vyepesi vinakwenda mbali," akasema. "Na mie sitasimama kupita pale jiwe lako linapofika."