Bosi Kapenda Sauti Yangu, Sasa Siendi Nyumbani

Wasee, kipaji kimenifunga.

Mnajua najifunza kuimba swing, zile nyimbo za zamani za wanaume wa suti na tai, sauti nzito, maneno yanaburutwa kama mtu hana haraka. Mazoezi nafanyia kwa gari la bosi hapa Jeddah, vioo juu, nikimngoja atoke ofisini.

Leo niliimba mpaka nikafumba macho.

Kufumbua, bosi yuko kiti cha nyuma!

Nikajua nimekwisha.

Akasema, "Yalla, tena."

Nikarudia, na madoido juu. (Mnanijua, nikipewa nafasi siachi.) Mzee akapiga vidole, akampigia kakake simu asikilize.

Nikaona hapa ndipo. "Baba, na ile ruhusa yangu ya kurudi Mombasa? Mkataba umeisha, mamangu ananingoja. Ulikubali juzi."

Akanipiga bega. "Mafi safari, hakuna safari, Juma. Dereva wengi. Dereva anaimba, wewe tu."

Na kafili, yaani bosi aliyekudhamini, asipotia sahihi, huku hutoki.

Nyinyi mliosema naimba kama mbuzi wa Idi, mbona hamkumwambia yeye?

Haya, nifundisheni hapo chini: mtu huimbaje vibaya?