Mkwe Ndani ya Simu

Baba mkwe wangu mimi namjua kikohozi tu. Kho! Kho-kho! Akikohoa hivyo kwenye njia ya mtoni, mimi na ndoo yangu tayari nipo katikati ya mibuni, nimeinama, maji yananimwagikia mgongoni. Sisi Wandali ndivyo tulivyokuta: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Njiani hamkutani, hamli pamoja, jina lake hulitaji. Si ugomvi, ni heshima. Mpaka tunamzika yule mzee sijui pua yake ilikaaje. Kikohozi chake ninacho. Nikikitoa leo, wajukuu wanacheka, vizee wenzangu wanageuka kuangalia mlango.

Basi haya mambo ya mashine yalitujia polepole. Mwanangu alipooa, mpiga picha wa kutoka Vwawa akataka tusimame mstari mmoja. "Mzee, sogea kwa bibi harusi! Sogea, sogea, cheka kidogo!" Mzee wangu, baba wa bwana harusi, alisogea kweli. Akasogea mpaka nje ya uwanja, akaenda kukaa na walinzi wa baiskeli. Kwenye ile picha nipo mimi, halafu kuna nafasi.

Huyo bibi harusi, mkamwana wangu, ni nesi, kazi yake Tunduma hospitalini. Mtoto ana heshima mpaka anachosha. Akija nyumbani anapita nyuma ya zizi.

Halafu ikaja simu ya kitochi. Siku hiyo mkamwana akapiga, mzee akapokea akidhani ni mwanawe. "Haloo?" Kule mkamwana akasema, "Shikamoo ma..." Mzee akakiweka kile kisimu chini, polepole, kama yai, akaondoka zake migombani. Narudi mimi nakuta simu inaongea peke yake kwenye vumbi: "Haloo? Jamani, mpo?" Wazee wa ukoo wakakaa siku nzima. Mkubwa wao, yule wa kuvuta maneno kama anavuta ng'ombe mkaidi, ndiye aliyekata: "Saauti... ni upeepo. Upepo... hauna uuso." Tukapona. Lakini mzee hata hivyo aliendelea kunipa mimi simu iongee nami.

Sasa masika haya yaliyopita, mzee alijikata kidole cha mguu na jembe, anapalilia mahindi. "Kamkwaruzo haka!" Akakivalisha soksi. Hakuvua tena. Nikimwambia leta nikuoshe, "Mimi mtoto?" Nyumba ikaanza kunuka. Nikasema panya kafia uvunguni. Nikahamisha magunia, nikamulika kila kona. Panya alikuwa mume wangu.

Nikampigia mkamwana. Mimi sijui kusoma, lakini simu ya kupangusa ninayo, binti yangu wa mwisho aliniletea, na watu nawajua kwa picha zao. Akasema, "Mama, piga ya video, niuone huo mguu." Nikapiga. Nikamkalisha mzee kwenye kigoda, nikamvua soksi kwa nguvu, anapiga kelele. Kwenye kioo najiona mwenyewe, meno yangu mawili, na mkamwana yupo. Nikawaza, ili auone mguu, si lazima kioo kiutazame mguu? Nikaigeuza, nikaishusha mbele ya vidole.

Mzee akaangalia chini.

Pale kati ya miguu yake, uso wa mke wa mwanawe, mzima, unamtazama.

Hee! Sijawahi kusikia mwanaume akilia vile. "Yuuuwi!" Kigoda huku, mzee kule, blanketi kichwani. Na kwenye simu, "Mamaaa!", nikaona dari, nikaona sakafu, nikaona kiatu cha mtu. Mkamwana ameikimbia simu yake mwenyewe. Nimesimama, nimeshika kitu nisichokijua. Nimewaonanisha. Mimi niliyezeekea kwenye mibuni!

Baadaye kidogo akapiga ya sauti tu, analia. "Mama, niombee radhi kwa baba. Lakini nimekiona kidole, ni cheusi. Ule weusi ukipanda watakata mguu mzima, au tutamkosa kabisa. Nionyeshe tena nijue umefika wapi. Na leo hii mume wangu aje na gari, tumlete hapa."

Blanketi likasema, "Sitaki. Hospitali yenyewe ndimo anamofanya kazi. Nikavuliwe nguo mbele ya mkwe?"

"Mzee, utakufa."

"Nife na heshima yangu."

Mume wangu nimemtania tangu tuoane, lakini hapo utani ulinikauka mdomoni. Nikamkumbuka mama yake. Ndiye aliyenifundisha kujificha; siku niliyochelewa kukimbia alinipiga mwiko wa mgongo. Sauti yake ilikuwa ya puani, kama nyuki ndani ya kibuyu. Marehemu wengine wote nawaigiza, yeye namwogopa. Tangu tumzike sijamtoa. Nikasimama nyuma ya lile blanketi, nikamtoa.

"We kitoto! Nani kakwambia heshima inakaa kwenye kidole? Nilisema mkwe asione uso. Mguu niliutaja? Nyosha!"

Mimi vinyweleo vimesimama, maana ile sauti haikuwa ya kuigiza, ilitoka yenyewe kama ilikuwa inangoja. Halafu taratibu mguu ukachomoza, kama kichwa cha kobe.

Safari hii mkamwana alinielekeza pa kubonyeza, kwenye vimshale viwili, mzee asione kioo. Akautazama.

"Mama, mwambie baba umeshafika unyayoni."

Blanketi: "Mwambie nimesikia."

"Mwambie gari inakuja sasa hivi."

"Mwambie... mwambie asiniguse."

"Mwambie atashikwa na daktari mwanaume. Mimi wodi hiyo siingii."

Wanasikiana vizuri kabisa, na mimi nipo katikati kama daraja pasipo na mto.

Alienda. Walimkata vidole viwili, mguu ukabaki.

Siku moja nampelekea uji. Nafika kwenye korido, namwona mkamwana na gauni lake jeupe, ameegemea ukuta wa wodi ya wanaume, simu mbele ya uso, anaongea chini chini: "Umelala vizuri? Kidonda kinauma?" Nikadhani anaongea na mgonjwa wa mbali. Nikachungulia wodini. Mzee wangu amekaa kitandani, mgongo ameuegemeza ukuta ule ule, simu ya mwanawe mkononi, ameishika mbali kama ameshika mkia wa nyoka. Macho yamemtoka, uso wa mkamwana umo kiooni.

"Kinauma kidogo," anasema. "Na wewe umekula?"

Uji ulitaka kunidondoka. Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Tofali moja tu katikati!

"Mzee! Si ulisema bora ufe?"

Akanitazama kama mshamba ni mimi. "Huyu yumo kwenye simu. Mkwe wangu yuko huko nje. Na akitaka kupita mlangoni mwambie akohoe kwanza, nifunike kichwa."

Nilitafuta kicheko, hakikuja. Nikarudi koridoni. Mkamwana akaficha simu nyuma, kama ameiba sukari. Nikafungua mdomo nimtanie, na mzee naye kule ndani akapaliwa.

Kho! Kho-kho!

Kikohozi cha marehemu baba yake! Chenyewe kabisa! Nikashtukia tumeinama wote wawili, mimi na huyu mtoto, vichwa chini, kwenye korido ya hospitali isiyo na mbuni hata mmoja.